Mistari Minne Ubaoni

Kitabu chetu cha hesabu cha darasa la nane kinaanza somo la matokeo yanayowezekana kwa kurusha sarafu. Aliyekiandika hajawahi kukanyaga Goma. Hapa pesa ni noti, tena noti zilizochoka zinazonuka samaki, na watoto ninaowafundisha hawajashika sarafu maishani mwao. Mwaka wangu wa kwanza nilichora sarafu ubaoni, pande zote mbili, kwa uangalifu kabisa, na mvulana mmoja akaniuliza kama kile ni kifungo cha koti. Darasa likaangua kicheko. Mimi ni mwepesi wa hasira, nikawapa zoezi la adhabu, kisha nikaenda nyumbani kumlalamikia dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye baa moja ya mtaa wa Mapendo miaka yote niliyosoma, na ukinusa vyeti vyangu vizuri nadhani utasikia harufu ya mafuta yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akaniletea mfuko wa vizibo vya bia na soda, ameviosha vyote vinang'aa.

"Batoto barushe hivi," akasema. "Kizibo iko na mugongo, iko na tumbo. Unataka nini ingine?"

Akachukua kimoja, akakipaka rangi nyekundu ya kucha zake ili kisichanganywe na vingine. Tangu hapo akawa ananiita mwalimu wa vizibo mbele ya wateja wake, nami nikawa najifanya nimechukia.

Siku ninayotaka kuieleza, dada alikuwa akirudi kutoka Rutshuru, alikokwenda kuwasaidia wajomba kuvuna maharage. Alinipigia simu asubuhi nikiwa navaa viatu. Akasema mabasi madogo mawili yanaondoka pamoja, kama madereva wa barabara ile wanavyopenda, ili mmoja akikwama mwenzake amvute. Nyuma yake nilisikia makondakta wakigombea abiria.

"Niko pakingi, tunatoka sasa," akasema. "Nitachoka vibaya. Weka maji kwa moto, nitaoga."

Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Sikujali, maana njia ile ina sehemu nyingi zisizo na mtandao. Nilipofika shuleni nilimwambia prefe, yaani mkuu wetu wa shule, na darasani pia, kwamba dada yangu anarudi leo na mabasi ya Rutshuru.

Darasani nilianza na vizibo viwili, kile chekundu na kimoja cha kawaida. Tukivirusha pamoja, kuna matokeo mangapi yanayowezekana? Kila mwaka jibu ni lile lile, na kila mwaka linanipandisha presha: matatu. Migongo yote miwili, matumbo yote mawili, au kimoja hivi na kingine vile. Watoto wanaona hilo la mwisho ni jambo moja. Ndipo ninapowaonyesha kwamba chekundu kikiwa mgongo na cha kawaida kikiwa tumbo si sawa na chekundu kikiwa tumbo na cha kawaida mgongo. Ni manne. Siku ile nilikuwa bado sijafika hapo. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, nikawa napaza sauti, ndipo prefe akatokea mlangoni.

"Madamu, kuya kidogo."

Tulisimama kwenye kibaraza cha mbao, maji yakitiririka juu ya mawe meusi ya uwanja. Akaniambia kwamba kati ya yale mabasi mawili ya Rutshuru, moja limepinduka kwenye kona, kabla ya kufika Kibumba. Kuna waliokufa. Aliyempigia simu hakujua ni basi lipi. Halafu akashusha sauti. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana anayekaa dawati la mbele, mama yake ni mfanyabiashara wa maharage, naye alikuwa safarini na mabasi hayo hayo.

"Enda nyumbani, madamu. Nitabaki nabo."

"Nyumbani nifanye nini, prefe? Niangalie sufuria?"

Nilimjibu kwa ukali asiostahili. Akarudi ofisini kuendelea kupiga simu, nami nikarudi darasani, kwa sababu sikujua pa kuiweka mikono yangu.

Walikuwa wameshajua. Daima kuna mtoto aliyeficha simu kwenye soksi. Yule msichana alikuwa amesimama ubaoni na chaki mkononi. Hakuwa akilia. Alichora safu mbili, juu ya moja akaandika M, juu ya nyingine D. Mama yake, dada yangu. Alama ya kujumlisha kwa aliyefika salama, sifuri kwa asiyefika. Sikumzuia. Nadhani alitaka kushika kitu chochote chenye mpangilio, na mimi pia nilitaka.

Mstari wa kwanza, kujumlisha na kujumlisha: wote wawili wazima. Wa pili, sifuri na sifuri. Kisha akafika kwenye mmoja mzima na mmoja hapana, akaandika mstari mmoja tu, akaweka chaki chini.

"Ni tatu, madamu."

Nikautazama ule mstari wa tatu. Kujumlisha kulikuwa chini ya M, sifuri chini ya D. Mtoto hakuwa na ubaya wowote. Ukiandika mara moja tu, lazima mmoja apewe sifuri, na mkono wake ulimpa wangu.

"Umesahau moya!" nikamfokea.

"Si ni kitu moya tu, madamu? Mumoya iko, mumoya hapana."

"Kitu moya kwa nani?"

Nikachukua chaki, nikaandika mstari wa nne kwa mkono wangu: sifuri chini ya M, kujumlisha chini ya D. Nikasikia darasa zima likivuta pumzi. Yule msichana aliusoma, akanitazama usoni. Nilitamani kuufuta palepale, lakini ulikuwa ndio hesabu sahihi, na ulikuwa ndio mstari nilioutaka. Nasema wazi, niliutaka.

Prefe akarudi, safari hii akaingia mpaka ndani. Amempata mtu aliyepita penye ajali. Basi lililopinduka lilikuwa limebeba magunia ya maharage yaliyofungwa kwa vitambaa vya kijani. Kila mtu pale shuleni aliyajua magunia yale, kwa sababu mama wa yule msichana ndiye anayeuza maharage mbele ya geti letu. Wasichana wa nyuma wakaanza kulia kwa sauti. Mimi moyo wangu uliruka. Uliruka kwa furaha, mbele ya mtoto wa watu.

Yeye akatikisa kichwa. "Mama hapandake gari moya na mizigo yake. Hata siku moya. Anasemaka, gari ikipotea, basi kipotee kitu moya, si byote."

 Wengine waliona mtoto anajidanganya, hata prefe aliinamisha uso. Lakini mimi nafundisha hesabu, nilielewa mara moja alichosema. Ikiwa magunia yako kwenye basi lililoanguka, mama yake yuko kwenye basi lingine. Ile furaha ikanikauka. Mistari ya pili na ya nne ilikuwa imekufa hapo hapo, hata kama ubaoni bado ilionekana. Ilibaki miwili: wote wazima, au ule wa tatu alioandika mtoto huyu.

Pikipiki ikaingia uwanjani. Mwanamke akashuka, kitenge chake kimelowa mpaka magotini, mguu mmoja hauna kiatu. Msichana alipita katikati ya madawati akipiga kelele, akamrukia, na wote wawili wakakaa chini kwenye matope. Niliwafuata polepole. Nilitaka uso wa yule mama uniambie ni mstari upi. Alipoinua macho na kuniona, akayashusha.

Aliniambia akiwa bado amekaa kwenye matope. Alikuwa na nafasi kwenye basi la mbele, na kondakta akapakia magunia yake humo humo. Kwa desturi yake hakutaka kusafiri nayo. Akaenda kwenye basi la nyuma kutafuta mtu wa kubadilishana naye, na dada yangu akakubali.

"Alicheka, mama mwalimu. Alisema ni vizuri, atafika mbele, atakuta maji iko moto."

Tulimzika dada yangu kabla wiki haijaisha. Kwenye matanga yule mama alikuja kila siku, mapema kuliko ndugu zetu, akaosha masufuria nyuma ya nyumba na kuwapa wageni chai. Nilimchukia. Sikuwa na sababu ya haki, nilijua hivyo, na kujua hakukunisaidia kitu. Kila nilipomwona na kitambaa mkononi niliona ule mstari wa nne, ambamo yeye amezikwa, naye dada yangu ndiye anayeosha masufuria ya kwao. Alinisalimia, sikuitika. Shangazi zangu walinisema, nikawaambia waniache.

Niliporudi shuleni, walionishikia darasa walikuwa wamefuta ubao, lakini somo hawakuligusa. Nilimwaga vizibo mezani. Kile chekundu kilikuwemo, rangi imeanza kubanduka pembeni. Nikauliza kwa sauti niliyoweza: vizibo viwili, matokeo mangapi? Yule msichana akasimama bila kuitwa. Nilitaka kumkatalia, nikamwacha. Akaenda ubaoni, na badala ya vizibo akaandika tena M na D, akashuka mstari kwa mstari bila kusita. Safari hii aliandika yote minne.

"Sahihi," nikasema. "Kaa chini."

Macho yangu yalikuwa kwenye mistari miwili ya chini. Wa tatu, wa nne, tena wa tatu. Hakukaa.

"Madamu, siku ile, mama akiwa hajafika, nilikuwa naomba." Akaweka kidole ubaoni, kwenye mstari wa kwanza. "Niliomba hii. Ile ya tatu sikuiomba hata kidogo."

Kujumlisha na kujumlisha. Wote wawili wazima. Ulikuwepo tangu mwanzo, juu kabisa, mtoto ndiye aliyeuandika wa kwanza kabla ya mingine yote, nami tangu mazishi sikuwa nimeukumbuka hata mara moja. Nilikuwa nimehesabu miwili tu: mama yake au dada yangu. Mwalimu mzima, anayewafokea watoto kwa kusahau mmoja.

Nilikaa kwenye kiti changu, nikalia mbele ya darasa zima, kilio ambacho kwenye matanga kilikataa kutoka. Hakuna aliyecheka. Nilipoweza kusema, nilimwita karibu.

"Ambia mama yako akuye kwangu jioni," nikamwambia. "Nitaweka maji kwa moto."