Mtoto aliletewa fundi wa kimeo, kumbe tatizo lilikuwa mapafuni

Salaam wakuu, wa bara na wa pwani.

Mimi shule niliachia darasa la nne na utabibu siujui. Ninachowapa hapa ni nilichokiona kwa macho na nilichoelezwa, sijaongeza chumvi. Waliosoma watanirekebisha.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimelima Quiterajo, nimekausha samaki Rongui, na sasa niko Quitunda, huku Cabo Delgado, kwa dada yangu Amina. Mumewe anauza nguo, anavuka mpaka kwenda Mtwara na kurudi. Nyumbani tupo na mama mkwe wake, Bi Somoe, na mtoto wao Rehema, ambaye hajatimiza mwaka.

Rehema alianza na mafua tu. Nani anaogopa mafua?

Kisha kikaja kikohozi, kisha homa. Bi Somoe akasema kimeo kimerefuka.

Kwa wasiojua, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Huku kwetu mtoto akikohoa sana kinalaumiwa hicho, na wapo mafundi wa kukikata. Bi Somoe hakungoja ushauri wa mtu, akamwita fundi. Akaja, akakaa mkekani, akaanza kufungua kitambaa chake cha vifaa.

Sasa mimi nina tabia ya kutaka kuona kila kitu. Nikasogea nione kinavyokatwa.

Amina akamvua mtoto gauni, lilikuwa limelowa jasho. Hapo nikaona jambo. Kila akivuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani. Na anapumua haraka haraka, kama aliyekimbizwa, na hali amelala.

Nikasema, "Bibi, kimeo si kiko kooni? Mbona zinazobonyea ni mbavu?"

"Wewe umesomea wapi?"

"Sijasoma, bibi. Naangalia tu."

Fundi naye akasita, akauliza kama mtoto ananyonya. Amina akajibu kwamba tangu asubuhi analikataa titi. Hapo hapo Amina akaanza kumfunga mtoto kwa kanga ampeleke kituo cha afya, akamwambia mkwewe:

"Kimeo hakikimbii, mama. Mtoto ndiye anatuponyoka."

"Haya, nendeni mkachomwe masindano!" Bi Somoe akasema. Lakini alijitanda ushungi, akatufuata.

Kituo cha afya walimpima malaria kwanza. Hana. Mimi nilidhani homa isiyo malaria ni homa ndogo. Enfermeiro, yaani muuguzi, kijana wa kusini anayechanganya Kireno na Kiswahili, akamfunua kifua, akashika saa akihesabu pumzi, akamsikiliza kwa kile kipimo cha masikioni, akambana kidole kwa kidude cha kupima oksijeni. Oksijeni ilikuwa chini. Akasema ni nimonia, tena kali. Wakamwekea mpira wa oksijeni puani na kuanza sindano za antibayotiki.

Amina alikuwa anaangalia kile kifua tu.

Mimi nikauliza, amejuaje bila picha ya eksirei? Akasema picha ingesaidia, ila dalili zinatosha kuanza dawa. Kumjua mdudu mwenyewe kunataka damu ioteshwe maabara, na maabara ya hivyo iko mbali. Nimonia ina vyanzo vingi, ila kwa watoto wanayemshuku sana ni bakteria aitwaye pneumococo.

Hapo ndipo niliposhangaa, wakuu. Huyo bakteria anaishi puani na kooni kwa watu wenye afya kabisa, hasa watoto, bila kuwaumiza. Unakohoa, unampa mwenzako. Kisha mafua yakishalegeza njia, anashuka mapafuni. Ana utando mwilini mwake kama koti, na koti hilo linamficha ili askari wa mwili wasimkamate. Vifuko vya hewa vya mapafuni vinajaa majimaji na usaha. Akipenya kwenye damu anaweza kufika hadi kwenye utando wa ubongo. Masikio ya watoto yanayotoa usaha, mara nyingine ni yeye huyo huyo.

Bi Somoe akadakia, "Kwa hiyo sote humu ndani tunaye kooni?"

"Huenda, vovó," enfermeiro akamjibu, yaani bibi.

"Basi tukatwe vimeo sote, tuanze na huyu mjomba mdadisi!"

Hata Amina alicheka, mara ya kwanza siku ile.

Chanjo ipo, wakuu, na haitozwi pesa. Inaufundisha mwili kulitambua lile koti mapema. Makoti ni ya aina nyingi, chanjo inashika yale yanayosumbua zaidi. Rehema alikuwa hajamaliza dozi, kwa sababu Amina alimfuata mumewe Mtwara na akadhani alizopata zinatosha. Mengine ni kumnyonyesha mtoto, kunawa mikono, na kumweka mbali na moshi wa jikoni.

Oksijeni ilipopanda, Rehema akalitafuta titi mwenyewe. Amina akalia hapo, si kabla.

Alipopona, aliyembeba kwenda kumalizia chanjo ni Bi Somoe. Kwenye foleni alikuwa anamfungua mjukuu mdomo na kuwaonyesha wenzake: "Tazameni, kimeo kipo chote. Na kikohozi hana."

Nililojifunza: kikohozi kinasikika kooni, lakini mfunue mtoto uangalie kifua. Mbavu zikibonyea, anapumua mbio au hanyonyi, usingoje fundi wala kesho.

Huko mliko bado wanakata vimeo? Na wauguzi mliomo humu, wapi nimepotosha? Semeni.