Ekis ya Wageni wa Kasai

Hadi leo, harufu ya makaa yaliyonyeshewa hunirudisha Dilala, jikoni kwa mama, enzi za Zaïre, wakati vumbi jekundu la mgodi wa Mashamba lilipokuwa likitua juu ya nguo kabla hazijakauka. Nilikuwa msichana wa mwaka wa kwanza wa sekondari, mwembamba, mwenye maswali mengi kuliko akili.

Msimu ule tulipata habari kwamba mama mdogo Kapinga, mdogo wake mama, yuko njiani kutoka Kasai na watoto wake. Surua ilikuwa imepita kijijini kwao. Tulipoagana naye alikuwa na wanne.

"Batakuya bangapi?" nikamuuliza mama.

Akaacha kuchekecha unga. "Batoto si bitu ya kuhesabu," akasema, na sauti yake ikanifunga mdomo.

Lakini bugali lazima upimwe. Nikalipeleka swali kwa Sitwayene Ngalula (ndivyo enzi zile tulivyowaita wanawake kwa heshima), mwalimu wetu wa hesabu, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa kichwani kama taji. Nilitegemea anicheke. Akachora msalaba mdogo ulioinama ubaoni, herufi x.

"Hii ni ekis. Usingojee namba. Weka ekis pahali ya bageni."

Jamani, nywele zilinisimama. Kumbe mtu anaweza kuandika asilolijua, na bado akalifanyia kazi!

Nyumbani tulikuwa watano. Kila mtu alikula mabonge mawili ya bugali, na tata, baba yetu, aliongezewa moja akitoka mgodini. Nikaandika mbiombio: 2x + 5 + 1. Sitwayene alicheka hadi mabega yakatikisika.

"Hapo bageni bako nakula mabonge mbili, nyinyi moja-moja! Ingiza bantu yote mu nyumba kwanza, funga mulango, njo ugawe."

Akachora mabano, kama kuta mbili zinazotazamana: 2(x + 5) + 1. Nilitazama wageni wetu wakiwa wamekaa mle ndani pamoja nasi, hata kabla hawajapanda treni.

Nikaiandika kwa kipande cha kaa kwenye ukuta wa jiko. Mama hakuwahi kukaa darasani. Aliigusa ile herufi kwa ncha ya kidole.

"Na huyu?"

"Njo bageni, mama. Hatuyajua hesabu yabo, lakini pahali yabo iko."

Tangu hapo hakuruhusu mtu aufagie ukuta ule.

Siku ya treni, mama mdogo alishuka na wanawe wawili tu. Nyuma yao, akiwa ameshika kitenge chake, alikuja msichana tusiyemjua, ambaye surua ileile ilimwachia dunia bila ndugu. Mama aliwakumbatia wote, mmoja mmoja, asiulize neno.

Tulipofika nyumbani nilikimbilia ukutani. "Ekis ni nne!" nikapiga kelele. "Mabonge kumi na tisa!"

Mwiko wa mama ukasimama hewani. Kisha akasonga bugali, na wote tukashiba, hata yule msichana akalamba vidole.

Nilidhani siku ile nimeiona ajabu yote ya aljebra. Ilinibidi nizae wangu ndipo nielewe kwamba hesabu ya mama ilikuwa ndefu kuliko yangu: watano aliowangojea, mdogo wake na wanawe wanne, akatoa wawili waliochukuliwa na surua, akaongeza mmoja ambaye hakuwa wetu. Aliifanya yote kimya, mbele ya sufuria, na jibu lake likawa sawasawa na langu.