Sidii ya Mama Kwenye Mtama

Juzi, nikielekea Koboko, niliona sidii, ile sahani ya muziki, imetundikwa kwenye shamba la mtama, inametameta kufukuza ndege. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kwa bibi, kijijini Ludara.

Baba alikuwa amenunua gari la Kijapani ambalo redio yake ilinakili nyimbo za sidii na kuzihifadhi. Nyimbo za harusi alizoimba marehemu mama zilikuwa kwenye sidii moja tu.

"Kaa hapa, usizime gari. Nyimbo iko naingia ndani," baba aliniambia, akaenda msikitini.

Nilibaki peke yangu kwenye harufu ya viti vilivyochomwa na jua, mama akiimba, gari likimmeza wimbo baada ya wimbo. Sauti iliponyamaza niliamini sidii imebaki tupu, kama sahani iliyoliwa. Nikaitundika kwenye mtama wa bibi.

Miezi ilipita, baba akauza gari. "Sidii ya mama iko wapi?" aliniuliza.

Nikampeleka shambani. Jua na mvua vilikuwa vimeibambua. Aliifuta kwa shati lake, kisha akaifunga tena palepale.

Sasa najua nyimbo hunakiliwa tu, hazihami. Lakini kila ninapopishana na gari kama lile mjini Arua, nateremsha kioo, nisikilize.