Neno Lililojaza Kibao

Barabara yetu ni mpaka. Upande wetu ni mji mmoja, ng'ambo ya lami ni mji mwingine, na kila mji una sheria zake za kuegesha magari, utadhani wanashindana nani atasumbua watu zaidi. Kule unaegesha kutwa nzima mradi uwe na stika ya mkazi. Huku stika hakuna na kuegesha hakuna: unasimama dakika kumi, unapakia, unaondoka.

Vibao vyote, vya huku na vya kule, viliandikwa na jirani yangu, Fundi Brashi. Sheria za pande zote mbili alikuwa nazo kichwani. Dereva mgeni akishuka ameduwaa, tulimwambia, "Muulize yule mwenye rangi kwenye kucha."

Kisha figo za mkewe zikagoma. Mara tatu kwa wiki ilibidi afike hospitali kusafishwa damu, na miguu haikumfikisha hata kwenye kona. Shemeji yake Brashi, kaka wa mgonjwa, ndiye mwenye gari. Anaishi mbali, na stika ya kule hapati, kwa hiyo alikuwa anasimama huku, chini ya kibao.

Jumatatu moja asubuhi askari mpya wa maegesho alimkuta hapo. Binti mpole, kusema kweli, ila kibao alikisoma kama mtu aliye kwenye mtihani.

"Baba, hapa ni kupakia mizigo tu. Mgonjwa si mzigo."

Brashi, aliyekuwa kando ya gari, akanywea. Mimi nilikuwa nafagia kibarazani, nikamwona.

"Mwanangu, hilo neno ni langu. Karatasi ya ofisi ilisema 'Kupakia tu.' Maneno mawili yakawa yanaelea kwenye kibao kikubwa vile, yananiumiza macho. Nikaongeza 'mizigo' ili kijae."

"Na ofisi?"

"Walikipokea. Wakakisifia."

"Basi ndiyo sheria, baba."

Akainama kufunga gurudumu kwa mnyororo, gari lisiondoke. Hospitali ukichelewa, mashine anapewa mwingine, na Brashi alilijua hilo. Miaka yote sijamsikia akipaza sauti. Siku hiyo alipiga kelele mtaa mzima ukageuka.

"Basi andika mzigo! Andika napakia mzigo!"

Binti akaandika, akawaachia njia. Mke wa Brashi alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, chini ya ngazi, shali magotini, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Wakambeba hadi garini. Aligeuza uso.

Kesho yake Brashi alikwenda ofisini kuomba afute neno lake. Wakamwambia kibao kilichopitishwa hakiguswi mpaka baraza likae, na baraza halijulikani litakaa lini. Akavuka barabara kwenda mji wa pili, kuomba shemeji yake aegeshe huko. Kule wakamuuliza stika. Ninakasirika mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Jumatano honi ikalia chini ya kibao, ikalia tena. Brashi akashuka ngazi peke yake, akaja kunigongea. "Dada, hebu nenda wewe. Mimi hataki hata kuniangalia."

Nikapanda. Nilimkuta amelala, uso ukutani, nguo za kutokea zimekunjwa vizuri juu ya kiti.

"Mwambie kaka yangu arudi nyumbani," alisema. "Leo hakuna mzigo."