Gogo la Wote

Kila asubuhi, dereva wa lori la maji humtazama sajini wa karakana ya jeshi akigawa kazi kwa kidole kimoja kinene, chenye grisi isiyotoka hata kwa mafuta ya taa. "Kupima oili, ya dereva. Kukaza nati, ya fundi. Injini ikigoma msiiguse, iende karakana kuu." Sauti yake haipandi wala haishuki. Lakini likifika suala la kuweka gogo nyuma ya tairi, hupunga mkono tu: "Ah, hiyo ya wote!"

Leo fundi alikuwa chini ya lori, breki zimelegezwa, lori likaanza kurudi nyuma. Dereva alidhani gogo kaliweka fundi. Fundi naye alidhani kaliweka dereva. Fundi alijiviringisha akatoka, tairi likapita juu ya kofia yake, lori likaenda kugota ukutani.

"Afande," fundi aliuliza, kofia bapa mkononi, "gogo lilikuwa la nani?"

Sajini akainua kidole, kama kawaida yake. Kikapita uso huu, kikapita ule, kikakosa pa kutua.