Bibi Arusi Hatolewi Kimya

Baba yangu alimtoa mama kwao Giheke, bibi arusi na mtandio wake, juu ya pikipiki ya Kiingereza aliyouziwa na mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa akirudi kwao. Tangu niko mdogo aliniahidi kwamba na mimi, binti yake wa pekee, nitatoka nyumbani kwake juu ya pikipiki ile ile. Wasichana wenzangu wa Kamembe waliota bangili na vikuku. Mimi nilikuwa nimekwisha chagua upande nitakaokalia.

Halafu, nimechumbiwa tu, pikipiki ikafa. Ilifia kwenye mlima wa kupanda kutoka Cyangugu, pistoni ikapasuka na kuikwaruza silinda isitamanike. Baba alikuwa fundi cherehani, na ufundi wa pikipiki alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza. Aliisukuma hadi nyumbani, kanzu imelowa oili. Mama akatoka mlangoni, akaitazama, akasema, "Pole, mke mwenzangu." Alikuwa akiiita hivyo tangu arusi yao, na Baba hakuwahi kukanusha.

Hapo ndipo safari za kutafuta spea zilipoanza. Baba aliifunga ile pistoni kwa kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la mteja, akawa anatembea nayo mfukoni. Kila aliyeonekana kuwa na oili kwenye kucha alitolewa hariri, akafunguliwa pistoni, akaulizwa kama amewahi kuona ndugu yake. Alivuka daraja kwenda Bukavu mara nyingi mno, hata askari wa mpakani wakaacha kumuuliza amebeba nini, wakawa wanamuuliza kama mgonjwa ameamka.

Mafundi wa Bukavu hawakuwa wabaya, lakini nati za Waingereza zilipimwa kwa inchi na funguo zao zote zilikuwa za milimita. Kila aliyezishika alizimaliza kona, mpaka zikawa mviringo. Mmoja alichukua pistoni ya pampu ya maji, akaichonga ikaingia. Baba alirudi nayo akiimba. Kabla ya kufika sokoni injini ikakamata na kukwama ghafla, yeye akatupwa kwenye migomba ya watu, akaja nyumbani na jani begani. Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye akaniambia mvumilivu hula mbivu, nikamjibu kwamba kwa mwendo huu zitaoza mtini.

Nilikuwa nacheka, lakini roho iliniuma. Nilimwona jinsi alivyokuwa akiipangusa pikipiki isiyokwenda popote.

Siku moja tulishuka naye Bugarama kununua mchele. Joto la kule mnalijua, linakukaa mgongoni kama mtoto. Nilikuwa nabishana na muuzaji, Baba akanishika mkono, akaniambia ninyamaze. Mbali, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, kulikuwa na mlio: du, du, du, mzito, unaoruka pigo moja na kuendelea. Niliujua. Ulikuwa ukiniamsha asubuhi tangu utoto wangu, na mwenye mlio huo alikuwa amelala amekufa uani kwetu.

Baba hakupitia barabarani. Alikata moja kwa moja kwenye matuta ya mpunga, viatu vyake vizuri ndani ya matope, na mimi nyuma nikilalamika. Tukafika kwenye banda la bati. Pale ndani, juu ya magogo, ilikuwa imefungwa injini pacha ya ile ya pikipiki yetu. Ilifanana nayo nati kwa nati, ila haikuwa na magurudumu wala usukani. Mkanda ulitoka kwake ukazungusha mashine ya kukoboa, panga boi lililokatwa kwa bati la pipa likaipepea, na upande wa pili mchele ulikuwa unamiminika mweupe peee kwenye vikapu vya watu. Miaka yote nilidhani kitu kile kilizaliwa kwa ajili ya kumbeba Baba. Kumbe kilikuwa kinalisha bonde zima. Baba alivua kofia. Mimi vinyweleo vikanisimama katika joto lile lile.

Jua lilipofika utosini injini ikakohoa na kuzima. Wenye mpunga hawakushtuka, walikaa chini ya kivuli wakangoja. Mwenye mashine alikuwa mama mmoja mjane, maman kama wasemavyo kwao Bukavu, aliyeolewa huku. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya marehemu mume wake, na mume alipofariki yeye aliing'oa injini akaitia kazini. Alituambia kwamba ikipata moto sana hugoma mpaka jioni, na kila msimu inagoma mapema zaidi. Baba akaigusa kwa kanga niliyokuwa nimejifunga, akasema inayokufa ni magneto, kile kidude kinachotoa cheche. Magneto ya kwetu ilikuwa nzima. Pistoni na silinda za kwake zilikuwa nzima.

Wakatazamana. Kila mtu pale alielewa maana yake: kwa injini mbili ingepatikana moja, na mmoja wao angebaki mikono mitupu. Baba hakuomba. Nilimwona akiirudisha hariri yake mfukoni polepole, nikataka kulia. Maman ndiye aliyesema.

"Mzee, wewe uko na moto, mimi niko na chuma. Hatuna moteri mbili, tuko na moja. Wakati ya mupunga itakuwa yangu. Mupunga ikiisha, njoo uibebe."

Baba akampa mkono, na ikawa hivyo. Mpunga ukiiva, injini inafungwa Bugarama inakoboa. Mavuno yakiisha, Baba anashuka na lori, anaileta Kamembe, anaifunga kwenye pikipiki, na sisi tunasikia tena du, du, du asubuhi. Mama akasema sasa mke mwenza wake amepata mume wa pili. Arusi yangu tukaipanga baada ya mavuno.

Lakini mvua ya mwaka ule ilichelewa, na mpunga ukachelewa nayo. Wiki ya arusi injini ilikuwa bado iko Bugarama, mpunga umerundikana nje ya banda. Kusogeza siku haikuwezekana, Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Nilimwambia Baba akaichukue, siku mbili tu. Alikataa. Alisema ahadi ni deni, na kwamba analo la kwangu na la yule maman, na la wenye njaa hulipwa kwanza. Mama akashauri twende bila injini, maana bwana arusi yuko Cyangugu na njia yote ni mteremko, pikipiki ingeserereka yenyewe. Baba akaweka mkasi chini.

"Bibi arusi hatolewi kimya."

Basi nitakwenda kwa miguu, nikasema, na nikafunga mlango kwa nguvu iliyosikika hadi msikitini. Dereva wa lori la mchele alikuwa amekaa barazani akingoja suruali yake, akayasikia yote.

Mkesha wa arusi lori lile likasimama kwetu. Maman akashuka, na nyuma yake vijana wawili wamebeba injini ndani ya kitenge kama wanavyobebwa wagonjwa. Baba akamuuliza nani anakoboa huko. Alijibu kwamba mashine inapumzika, akaomba funguo za inchi. Wakaifunga wote wawili bila maneno mengi, na Mama akawashikia taa.

Kesho yake nilitoka nyumbani kwa baba yangu nimekaa upande, nimemkumbatia kiunoni. Mlio ulijaa mteremko wote, ukagonga milima ya ng'ambo ukaturudia. Watu walitoka madukani. Ziwa lilikuwa chini yetu, na mgongo wa Baba ulikuwa unatetemeka. Mpaka leo sijui ilikuwa ni injini au ni yeye.

Kwa bwana arusi tuliletewa pilau ndani. Shangazi yangu akaanza kunung'unika kwamba mchele umevunjika na una makapi, ni mchele gani huu wa arusi. Nami niling'ata kapi, nikakasirika. Mchele ulikuwa zawadi ya maman wa Bugarama, mwenye mashine inayotoa mchele mweupe kuliko wote. Wakati huo huo akaingia mwenyewe kunipongeza. Nikampa mkono, akaupokea kwa ncha za vidole. Nikaugeuza. Kiganja chote kilikuwa malengelenge, mengine yamepasuka.

Nikamuuliza ni nini.

"Tulitwanga, mwanangu. Bamama bote ba bonde, tangu juzi. Vinu bado vinalia kule."

Shangazi akachota tonge jingine. Mimi nilikuwa na lile kapi ulimini, na sikulitema. Nilivuta sinia karibu, nikala mpaka punje ya mwisho, na yule maman akanishikia maji ya kunawa.