Povu la Taulo

Mie nilikuwa dobi wa klabu ya gofu, miaka ile ya kupangia sabuni foleni duka la ushirika. Nyasi za uwanja zikaanza kukauka mabaka mabaka. Msimamizi wake akaniomba mche wa sabuni. Alishuku viwavi: maji ya sabuni huwatoa mafichoni, ukajua pa kupiga dawa.

"Nyumbani nafulia majani ya mpapai, kaka, wewe unataka kuogesha nyasi?"

Kisha nikalitazama beseni langu la taulo. Povu lile nilikuwa nalimwaga mtaroni kila siku.

"Haya, beba."

"Lete mwenyewe."

Madobi tulikatazwa kukanyaga nyasi zile. Nikavua kandambili, nikaenda hadi katikati, nikamwaga. Viwavi wakachomoza, wakijinyonganyonga juani.

Jumatatu iliyofuata sikungoja kuitwa, nikabeba beseni langu hadi nyasini.